Chuma kilichofungwa udongoni: chaji inayoitwa na wingu

Mafundi wengi wa umeme, hata wale wazuri, wanafundisha vijana wao neno moja: chuma kilichofungwa udongoni hakina chaji. Piloni ya redio yenye waya inayoshuka chini, manjanja ya nyumba yaliyounganishwa na fimbo ya chuma ardhini, bomba la maji, vyote vinahesabiwa kuwa sifuri. Wakati wa jua, neno hilo linatosha kwa kazi. Wingu jeusi likisimama juu ya mtaa, si kweli tena. Chuma kile kiko na chaji, na chaji yenyewe inatoka udongoni, kwa waya ileile ambayo fundi alifunga ili kuondoa umeme.

Jambo hilo linaonekana kuwa la darasani. Lakini ndilo linaeleza kwa nini paratoneri iliyokatwa waya ni mbaya kuliko kukosa paratoneri, kwa nini mitambo ya redio inaungua hata kama radi imepiga mbali, na kwa nini mtu anaweza kuumizwa na radi ambayo haikumgusa. Na katika Kivu, maswali hayo hayako ya vitabu tu. Wachunguzi waliohesabu miali ya radi kwa setilaiti kati ya mwaka wa 1998 na 2013 walikuta mahali pa kwanza duniani ni juu ya ziwa Maracaibo, inchini Venezuela: miali 233 kwa mwaka kwa kila kilometa ya mraba. Mahali pa pili ni Kongo, sehemu ya Kabare, katika Kivu ya Kusini: miali 205. Ni vizuri kuongeza kwamba setilaiti inahesabu miali yote, na mingi inabaki mawinguni bila kufika chini. Lakini hata sehemu ndogo ya hesabu hiyo ni nyingi kwa mwalimu aliye na watoto 60 chini ya manjanja.

Namna chaji inaitwa

Kila kitu kiko na chaji za namna mbili, chanya na hasi. Kwa kawaida zinalingana, ndiyo maana hazionekani. Za namna moja zinafukuzana, za namna mbili tofauti zinavutana. Ndani ya chuma, vichembe vyenye chaji hasi, elektroni, vinatembea bila shida. Ndani ya plastiki, kioo ao mbao kavu, havitembei.

Wingu la radi, mara nyingi, liko na chaji hasi upande wa chini na chaji chanya upande wa juu. Ile hasi ya chini inafukuza elektroni za vitu vyote vilivyo chini yake. Katika chuma kisichogusa udongo, elektroni zinakimbilia upande wa mbali na kusimama pale kwa sababu hazina njia. Upande mmoja wa chuma unakuwa chanya, upande mwingine hasi, na jumla inabaki sifuri. Chuma kikifungwa udongoni, elektroni zinapata njia ya kutoka. Zinashuka kwa waya, zinaenda kupotea katika dunia nzima, na chuma chote kinabaki chanya. Ni sawa vile watu katika soko lenye ukuta: kitisho kikitokea upande mmoja, wanajazana kwenye ukuta wa pili. Mlango ukifunguliwa, soko linabaki tupu.

Kwa hiyo kazi ya waya ya udongo, ile mafundi wanaita terre, si kumaliza chaji. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba chuma na udongo vinakuwa na volti moja. Volti sifuri, ndiyo. Chaji sifuri, hapana. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa fizikia wanateleza, na wengine wanateleza mpaka wanakuwa mainjinia.

Mtu anayetaka kuona kwa macho anaweza kungoja kiangazi, hewa ikiwa kavu. Sufuria ndogo ya aluminiamu inawekwa juu ya kopo kavu la plastiki. Kipande cha tiyo ya plastiki kinasuguliwa kwa nguo ya sufu mpaka kinavuta vipande vya karatasi. Kisha tiyo inasogezwa karibu na sufuria bila kuigusa. Ukigusa sufuria kwa kidole wakati huo, cheche ndogo inaruka: mwili wako umekuwa waya ya udongo. Ondoa kidole kwanza, kisha ondoa tiyo. Gusa sufuria tena: cheche nyingine. Sufuria ilibaki na chaji ambayo tiyo haikuipa, kwa sababu tiyo haikuigusa hata mara moja. Chaji ilipitia kwako. Lakini ukiondoa tiyo kwanza, kidole kikiwa bado kwenye sufuria, hakuna cheche ya pili, kwa sababu chaji imerudi ilikotoka. Alessandro Volta, Muitaliano, alitumia hila hiyo mwaka wa 1775 katika kifaa kilichotoa cheche tena na tena bila kusuguliwa upya kila mara. Jaribio hilo ni la siku ya jua. Lisifanywe wakati ngurumo inasikika.

Chaji ni kiasi gani?

Muingereza Michael Faraday alijibu sehemu ya kwanza ya swali mwaka wa 1843 kwa ndoo ya chuma. Alishusha ndani yake mpira wenye chaji, bila kugusa ndoo, na akaona kwamba chaji inayoitwa kwenye ukuta wa ndani wa ndoo ni sawasawa na ile ya mpira, kwa alama ya kinyume. Chuma kikizunguka chaji pande zote, kinaita kiasi kilekile, hakipunguki wala hakizidi.

Lakini wingu haliko ndani ya ndoo. Liko juu ya uwanja mpana. William Thomson, aliyezaliwa Belfast mwaka wa 1824 na ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alionyesha njia mwaka wa 1848, na mpaka leo walimu hawajapata nyingine iliyo nyepesi zaidi. Weka chaji moja juu ya uwanja mkubwa, wa sawasawa, unaopitisha umeme na uliofungwa udongoni. Kila kitu kinachotokea juu ya uwanja kinakuwa sawa vile kungekuwa chaji ya pili, ya kinyume, imejificha chini, kwa kina kilekile kama urefu wa ile ya juu. Ni sawa vile uso wako ndani ya maji yaliyotulia. Ile chaji ya chini haiko, ukichimba hutaikuta. Lakini hesabu yake inatoa jibu la kweli kabisa kwa mtu aliyesimama juu.

Tuseme sehemu ya chini ya wingu iko na kulomb 20, urefu wa kilometa 5 juu ya udongo. Hizo ni hesabu za kawaida kwa wingu la radi. Jumla ya chaji inayoitwa juu ya udongo ni kulomb 20 vilevile, lakini imetawanyika mbali: nusu yake iko ndani ya duara linalofika kilometa 8,7 kutoka mahali palipo chini kabisa ya wingu, na nusu ya pili iko nje zaidi. Kwa hiyo mtu ambaye anaona mvua ikinyesha kwenye kilima cha pili, na kwake bado kukavu, tayari amesimama juu ya chaji iliyoitwa na wingu lile. Chini ya wingu penyewe ni mikrokulomb 0,13 kwa kila meta ya mraba. Manjanja ya nyumba ya meta 60 za mraba, yakifungwa udongoni, yanabeba mikrokulomb 8 hivi. Ni kidogo sana.

Hesabu hiyo inatoa karibu volti 14 000 kwa kila meta ya urefu, wakati siku ya anga safi ni volti mia moja na kitu. Vipimo vya kweli chini ya wingu mara nyingi vinakuwa volti elfu kadhaa, kwa sababu chaji chanya ya juu ya wingu inapunguza nguvu ya ile hasi, na kwa sababu majani, nyasi na ncha za vyuma vinaanza kumwaga chaji hewani. Umbo pia linabadilisha hesabu. Mpira wa chuma wenye nusu-kipenyo cha sentimeta 10, uliofungwa udongoni, chaji ikiwa meta 1 kutoka katikati yake, unaita sehemu moja tu ya kumi. Kinachobaki kinaitwa na sakafu, kuta na vitu vingine.

Hatari inaanzia kwenye ncha. Uwanja wa sawasawa unagawanya chaji kwa upole, lakini piloni, mparachichi mkubwa ao msalaba juu ya kanisa unaikusanya mahali padogo, na hewa iliyo karibu na ncha inabeba nguvu mara nyingi zaidi kuliko hewa ya uwanjani. Ndiyo sababu chuma kirefu kinaweza kutoa sauti ya kuchemka, na nywele za mtu aliye mlimani kusimama. Radi inapokuwa inashuka na imebakiza meta mia moja ao chini ya hapo, vitu vingi kwa pamoja vinatuma uzi wa moto kwenda juu kuipokea: mti, mlingoti wa bendera, ng'ombe, mtu. Uzi mmoja unakutana na radi. Nyingine zinakufa, lakini umeme uliopita ndani ya mwili kuzilisha unaweza kumwangusha mtu ambaye radi yenyewe imepiga meta kadhaa pembeni yake.

Fimbo isiyofika chini

Kiswahili kinaita umeme wa waya na umeme wa mbinguni kwa jina moja. Ulaya ilihitaji majaribio ya kutisha ili kukubali hivyo. Benjamin Franklin wa Marekani alipendekeza mwaka wa 1750 kwamba fimbo ndefu ya chuma isimamishwe chini ya wingu. Mnamo tarehe 10 mwezi wa tano mwaka wa 1752, huko Marly-la-Ville, Ufaransa, fimbo ya karibu meta 13 ilisimamishwa juu ya chupa za kioo, makusudi ili isiguse udongo. Askari mmoja mzee aliyeachwa kulinda fimbo alisogeza chuma karibu nayo na cheche zikaruka. Alikuwa na bahati.

Mwaka uliofuata, katika mji wa Saint Petersburg nchini Urusi, profesa Georg Richmann hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa na fimbo juu ya paa, na waya kutoka pale mpaka ndani ya nyumba, kwenye kifaa chake cha kupimia chenye uzi wa kitani. Waya haikuendelea mpaka udongoni, kwa sababu akiifunga udongoni, volti inaanguka na kifaa hakionyeshi kitu. Wingu lilipofika, aliinama kuangalia uzi. Moto wa rangi ya bluu ulitoka kwenye chuma ukampiga kwenye paji la uso, na akafa palepale. Mchoraji wake, Sokolov, aliyesimama karibu, alianguka lakini akapona.

Nyumba ya Richmann iko katika mitaa mingi ya Kongo, bila profesa. Ni jengo lenye paratoneri juu, na waya ya shaba iliyokatwa meta mbili kutoka chini kwa sababu mtu aliiuza. Shaba iko na bei, kila mmoja anajua. Fimbo iliyobaki juu bado ni ndefu na yenye ncha, kwa hiyo bado inakaribisha radi. Lakini chaji haina pa kupita ila ukutani, kwenye waya za taa, ao kwa mtu aliyeegemea dirisha. Viongozi wa shule wanaoona fimbo juu ya paa na kulala usingizi wangefanya vizuri kushuka kuangalia chini.

Na kufika chini hakutoshi, inategemea chini kukoje. Fimbo ya meta 2, yenye unene wa milimeta 16, ikipigwa ndani ya udongo wa mfinyanzi wenye maji, inatoa upinzani wa ohm 20 hivi. Mafundi wa paratoneri wanatafuta kushuka chini ya ohm 10, kwa hiyo wanapiga fimbo mbili ao tatu zenye nafasi kati yao na kuziunganisha. Fimbo hiyohiyo katika jiwe kavu la volkano inaweza kupita ohm 1 000. Goma ndiyo mfano: lava ya Nyiragongo ya mwezi wa kwanza 2002 ilifunika sehemu ya mji, na nyumba nyingi zimesimama juu ya jiwe hilo. Huko fimbo moja ni kazi bure. Wenye ujuzi wanachimba mfereji mrefu, wanalaza waya ya shaba ao chuma pana ndani yake, wanajaza udongo mwekundu ulioletwa kutoka mbali pamoja na makaa yaliyosagwa, na wanamwagia maji. Chumvi inasaidia pia, lakini inakula chuma na mvua inaisomba, kwa hiyo inabidi kuongezwa.

Kuita chaji ni kazi ya polepole, na hata udongo mbaya unaiweza. Wingu linachukua dakika nyingi kujikusanya. Shida ni kurudi. Radi ikipiga, hata kati ya wingu na wingu, chaji iliyokuwa inaita inaondoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kila chaji iliyokuwa imeshikwa kwenye piloni, kwenye waya ya antene, kwenye waya ndefu inayotoka kwenye panneau ya jua mpaka kwenye batri, inaachiliwa kwa mara moja na kutafuta njia. Isipopata njia fupi, inapita ndani ya mashine. Pamoja na nguvu ambayo mwali wenyewe unasukuma katika kila waya ndefu iliyo karibu, ndivyo studio inapoteza mtambo wake usiku ambao hakuna mtu aliyeona radi ikipiga piloni.

Kosa la kawaida katika vituo vidogo ni kuweka fimbo mbili zisizojuana: moja ya piloni, nyingine ya studio. Radi ya ampea 30 000 ikiingia kwenye fimbo ya ohm 10, piloni inapanda mpaka volti 300 000 juu ya fimbo ile nyingine, na waya ya antene ndiyo inaunganisha viwili hivyo, kupitia mtambo. Fimbo zote, ngozi ya chuma ya waya ya antene, sanduku la mtambo na manjanja ya studio vinapaswa kufungwa pamoja ili vipande na kushuka pamoja. Kung'oa waya ya antene na ya batri kabla mvua haijafika bado ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko zote, ila mtu asingoje ngurumo ya juu ya kichwa ndipo ashike waya ile.

Miguu kwenye udongo

Kwa watu, hatari kubwa kuliko zote haitoki juu. Waganga wanaochunguza majeruhi wa radi wanakadiria kwamba karibu nusu wanaumizwa na umeme unaotembea udongoni baada ya radi kuingia mahali pengine. Udongo wa karibu unakuwa na volti nyingi, wa mbali kidogo unakuwa na volti chache, na mguu mmoja uko hapa, mwingine pale. Umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ng'ombe iko na miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana sana, na moyo uko katikati ya njia. Ndiyo maana kundi zima linakutwa limelala chini ya mti mmoja.

Mwezi wa kumi mwaka wa 1998, gazeti L'Avenir la Kinshasa lilitoa habari iliyozunguka dunia: katika mechi ya mpira huko Kasai, radi iliua wachezaji 11 wa timu moja, na wa timu ya pili hawakuguswa. Maneno ya ulozi yalianza palepale. Katika vijiji vingi bado yanaanza hivyo, na mara nyingi yanaishia kwa mzee ao mjane anayechomewa nyumba. Kinachoamua nani anaanguka ni umbali kutoka mahali radi ilipoingia, namna miguu ilivyokuwa imepanuka, na udongo uliokuwa chini yake. Watu waliosimama pamoja wanaweza kuanguka pamoja, na wengine walio meta makumi machache pembeni wakabaki wazima.

Ndani ya nyumba, manjanja juu ya miti mikavu ni chuma kisichofika udongoni: radi ikiyapiga, inaruka kutoka kwenye ukingo ao msumari mpaka kwenye kitu cha karibu kinachofika chini, na mara nyingine kitu hicho ni kichwa cha mwanafunzi. Waya nene kutoka kila pembe ya paa mpaka udongoni inabadilisha hali hiyo kwa bei ndogo kuliko paratoneri ya kununuliwa, mradi manjanja yenyewe yamegusana vizuri na waya zote zimeunganishwa kwa mkanda wa chuma unaozunguka nyumba chini ya ardhi. Watoto wanakaa katikati ya chumba, mbali na kuta, miguu pamoja. Gari lenye paa la chuma, madirisha yamefungwa, linalinda vizuri kuliko kibanda cha nyasi shambani.

Upinzani wa waya ya udongo unapimwa mwezi wa nane, wakati udongo wa Kivu uko mkavu kabisa. Fundi akipima mwezi wa nne, chini ya mvua, fimbo mbaya inaonekana kuwa nzuri. Na mvua za kwanza za mwezi wa tisa zinakuja na ngurumo, kabla maji hayajafika kwenye kina cha fimbo.